MAMBO YA WAWILI: Baba anataka Kalambo, mama anaogopa ngazi

Najua wengi wenu mlikaa mkao wa kula mkisubiri ile mada ya wachumba wanaopekuliana simu. Hiyo itakuja, haina haraka. Wiki hii imenifikia barua kutoka hapa hapa Chala ninapoishi, tena imeandikwa kwa mkono, karatasi mbili za daftari, na nimeona nikiiweka kiporo nitakuwa sina utu.

Mwandishi ni dada mmoja ambaye hataki jina lake litoke, na mimi ni kaburi. Anasema hivi:

“Mimi na mwenzangu tuko mwaka wa sita wa ndoa, tuna watoto wawili. Tangu tuoane hatujasafiri pamoja zaidi ya kwenda misibani. Mwaka huu tumeuza mahindi, tukatoa ada, tukatoa ya mbolea, tukabakiwa na laki sita. Tukakubaliana hizo ni za kwetu wawili, siku nne, kabla ya kilimo kuanza, watoto watabaki kwa bibi yao. Tatizo ni wapi. Yeye kasema Kalambo, basi. Mimi nikipanda ngazi ya kuweka mahindi darini tu miguu inatetemeka. Nikamwambia twende ziwani, akanuna siku mbili. Juzi kasema kama si Kalambo bora tununue mabati. Naogopa hizi siku nne zitatupotea, na sijui kama zitapatikana nyingine. Na usinicheke, haya yote yalianza kwa video ya Wazungu wanaoteleza kwenye theluji.”

Dada yangu, mpaka kwenye mabati sikucheka. Kwenye theluji nilicheka kidogo.

Video yenyewe nadhani naijua, maana imezunguka kwenye simu za vijana wa stendi yote. Bwana na bibi wamevaa majaketi ya rangi kali, miwani mikubwa usoni, vibao virefu miguuni, wanashuka mlima sambamba kama ndege wawili. Chini wanakumbatiana. Shemeji kaona hivyo, akajiuliza sisi tunakwama wapi? Akawaza kitu cha juu, kirefu, cha kutisha. Huku Rukwa kitu cha namna hiyo ni kimoja tu. Kalambo!

Sasa tuelewane. Theluji Ufipa hatuna. Tuna baridi tu, ile ya Juni na Julai ya kukufanya ulale na koti, maana uwanda wetu uko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,800 hivi. Lakini hao watu wa theluji wana jambo moja ambalo shemeji hakuliona kwenye video, na ndilo lingemaliza ugomvi wenu.

Kule Ulaya njia za kutelezea mlimani hupakwa rangi. Siyo theluji yenyewe, ni vibao na alama za pembeni. Bluu ni ya mtu mwoga mwoga au anayejifunza. Nyekundu ni ya mtu aliyezoea, siyo bingwa. Nyeusi ni ya wale wasiojali shingo zao. Wafaransa wao wanayo na kijani chini ya bluu, ya kuanzia kabisa. Na wenzetu hawakisii: Ujerumani na Austria njia ya bluu kwa kawaida haitakiwi kuzidi mteremko wa mita 25 kwa kila mita 100, na nyekundu mwisho wake mita 40. Ukifika kituoni unachukua ramani, unajiuliza mimi ni rangi gani, unapita kwenye rangi yako.

Wengi wao wako katikati. Wameshajua kusimama, kukata kona na kufunga breki, ila ukiwapeleka kwenye nyeusi wanashuka kwa makalio. Na hapo ndipo ndoa nyingi za theluji zinapoanza kusigana, kwa sababu katikati nako kuna ngazi zake. Bwana ni nyekundu, bibi ni bluu, au kinyume chake, na kinyume chake kipo sana. Wakichagua mlima wenye jina kubwa lakini njia zake karibu zote ni za wababe, mmoja atashinda mlimani na mwingine atashinda mgahawani akinywa kahawa ya bei mbaya. Jioni mmoja ana stori, mwingine ana mafua.

Kwa hiyo wajanja hawaulizi “mlima gani maarufu?” Wanauliza kama kuna mahali ambapo bluu na nyekundu zinaanzia kwenye kituo kimoja kule juu, vile viti vinavyovutwa na waya vinapoishia, halafu zinakutana tena chini kwenye mlango wa mahali pa kula. Kila mmoja anashuka kwa njia yake, saa saba wako meza moja. Ndiyo maana eneo kama lile la Ufaransa wanaloliita Les Trois Vallées, lenye njia za kama kilomita 600 zilizounganishwa, linapendwa na watu wa katikati. Siyo kwamba watazimaliza zote. Nafasi ya kuchagua ndiyo wanayoifuata.

Afrika nako theluji ya kuteleza ipo, msidhani natania. Lesotho wana Afriski, kwenye milima ya Maluti, juu ya mita 3,000, na njia yake kuu ina urefu wa kama kilomita moja. Ndugu zetu walioko Dubai wanayo ya ndani ya jengo, Ski Dubai, ilifunguliwa mwaka 2005, njia yake ndefu ina mita 400, na nje joto linaweza kufika nyuzi 40. Ukiwa na shangazi Dubai, haya.

Na kuna Mkenya mmoja, Philip Boit. Huyu alikuwa mkimbiaji wa kawaida wa mbio, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Kwenye mbio za kilomita 10 alikuwa wa 92, yaani wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ameshafika karibu dakika 20 kabla yake. Dæhlie hakwenda kuchukua medali. Alisimama pale kwenye mstari, akamsubiri Mkenya, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Shemeji, video ya kuangalia ni hiyo, kama unaipata.

Haya, turudi Rukwa na tupake rangi zetu.

Kalambo. Sina ugomvi na Kalambo, ni sifa ya mkoa wetu. Maji yanaanguka mara moja bila kugusa popote, mita 235 hivi, mpakani kabisa mwa Tanzania na Zambia. Kwa wale wa Dar es Salaam wasiopata picha: chukua jengo la ghorofa 35, panda mpaka juu kabisa, na bado hujafika. Na mahali penyewe si pa juzi. Kwenye bonde la mto huo, juu ya maporomoko, upande wa Zambia, wataalamu walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kushikanishwa, na mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa angalau miaka 476,000. Maana yake kuna kiumbe alikuwa anajenga pale kabla watu wa aina yetu hawajatokea duniani. Ukitaka kumwambia mpenzi wako maneno matamu ya “milele na milele”, mahali pake ndipo hapo.

Lakini tuwe wakweli kuhusu rangi. Upande wetu zimejengwa ngazi za kushukia korongoni, nyingi, kali, na kila unayoishuka utaipanda wakati wa kurudi. Mtu wa miguu mizuri asiyeogopa kuchungulia, kwake ni nyekundu. Mtu wa kizunguzungu, kwake ni nyeusi ya mkaa. Na bluu haipo. Kuna kusimama juu na kutazama, ambako kunamalizika baada ya nusu saa, halafu kuna ngazi. Dada atatazama, atapiga picha mbili, atakaa kwenye jiwe. Shemeji atashuka. Atakaa huko chini muda mrefu, maana ukishateseka kushuka huwezi kurudi hapo hapo. Dada atamsubiri juani na mkoba.

Na jambo jingine ambalo wapiga picha hawalisemi. Maporomoko yananona mwishoni mwa mvua, Machi mpaka Mei. Nyie mnataka kwenda Septemba au Oktoba, kabla ya kilimo. Wakati huo mto umekonda sana. Yaani mtapanda gari kutoka Chala mpaka Sumbawanga, Sumbawanga mpaka Matai, kisha mtafute usafiri mwingine wa kuingia ndani, siku nzima mgongo unauma, mkaone Kalambo ikiwa imefunga mkanda. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo na akili zangu timamu.

Katavi je? Msomaji wangu mmoja wa Mpanda angenilaumu nisipoitaja. Hifadhi ya taifa hiyo, kilomita za mraba 4,471, na Septemba ndiyo wakati wake. Mto Katuma unakauka, viboko wanabaki kubanana kwenye madimbwi ya matope kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Barabara ya kwenda Mpanda inapita humo humo, na pale kijiji cha Sitalike unaweza kuwaona bila kwenda mbali. Rangi yake ni kijani kabisa, maana unakaa garini tu, hakuna ujuzi unaotakiwa zaidi ya kuvumilia mbung'o. Kwa Mtanzania kiingilio kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo kuliko cha mgeni. Kinachoua ni gari. Ukitaka kuzunguka ndani lazima ukodi, na kodi ya gari siku moja mbili itazimeza laki sita zenu zote mkabaki mnatazamana. Katavi ni ya kwenda watu sita mkachangishana. Wawili, bado.

Inabaki ziwa. Dada ametaja ziwa kwa woga kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyeongea naye, nami nikajiuliza kwa nini. Nikasoma barua yake tena, ukurasa wa pili, chini kabisa, kaandika kwa herufi ndogo: yeye kazaliwa Kabwe, kakulia majini. Anaogelea. Mumewe ni mtu wa huku juu uwandani, mto wake mkubwa ni ule wa kunyweshea ng'ombe. “Sijawahi kumwona akiingia maji ya kumfika kiunoni,” anasema.

Ahaa! Kumbe Kalambo inapiganiwa hivi kwa sababu kule shemeji ndiye nyekundu na mke ndiye bluu. Ziwani rangi zinageuka. Wanaume wenzangu, tusidanganyane, hili tunalijua. Ni vigumu kukaa ufukweni umekunja suruali mpaka magotini huku mama watoto anapiga mbizi na kuibukia kule. Basi unanuna siku mbili na kuanza habari za mabati.

Lakini ndiyo maana nasema ziwani kuna bluu na nyekundu zinazoishia mlango mmoja, na mahali pake mimi nachagua Kipili. Kabwe hapana! Kabwe ni ukweni. Mtafika mtaulizwa mbona watoto hamkuja nao, mtalazwa vyumba viwili tofauti, na laki sita zitaishia kwenye sukari na vitenge vya wazee. Likizo ya ukweni ni ziara ya kikazi.

Kipili inafikika. Kutoka Chala mnapanda gari la kwenda Namanyere, pale mnabadilisha, kisha kilomita 60 na ushei mnateremka mpaka ziwani. Na huo mteremko wenyewe ni utalii: mnatoka kwenye baridi ya uwandani, mnashuka kama mita 1,000, makoti yanavuliwa moja moja, mpaka mnaliona ziwa lilivyolala. Uso wa Tanganyika uko mita 773 tu juu ya bahari, na kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi. Hilo la kina usimwambie shemeji mpaka mrudi.

Mbele ya Kipili kuna visiwa vidogo vinavyovunja mawimbi, ndiyo maana maji ya hapo huwa na heshima kidogo. Dada aogelee asubuhi, mahali ambapo wenyeji wenyewe wanaogelea, na aulize kwanza habari za mamba na asikae kwenye maji yaliyotuama yenye majani, kichocho kipo. Haya anayajua kuliko mimi. Shemeji yeye ana kilima. Juu yake kuna magofu ya kanisa la zamani la misheni, na ukisimama pale unaona ziwa lote na visiwa vyake. Apande, apige picha zake za kishujaa, awarushie masela wa Chala. Dada akitaka naye apande taratibu mpaka miguu ikisema basi, hakuna ngazi ya kumdai. Saa saba mnakutana kwenye mgebuka wa kuchoma na ugali. Ukikosa mgebuka kuna kuhe, na kuhe akikosekana mtu asiniambie alikuwa ziwani.

Wakati wenu ni mzuri pia. Upepo wa kusini unaovuruga ziwa kuanzia Mei mpaka Agosti unakuwa umeanza kutulia. Mkitaka kuvuka kwenda kisiwani, nendeni asubuhi, boti isijazwe, na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto wa kiti. Hasa shemeji.

Dada kaniuliza pia kuhusu Liemba, kwamba ingekuwa vizuri wapande meli. Meli ile ina historia tamu: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ila safari zake zilisimama mwaka 2018, kwa hiyo asipange likizo ya siku nne kwa kuitegemea. Ulizeni bandarini kwanza, mkiambiwa hakuna, msikae kusubiri.

Pesa. Nimepiga hesabu kwa mtindo wa Kifipa, yaani kwa kubana. Laki sita kwa siku nne za watu wawili inatosha kama mtalala nyumba ya wageni ya kawaida na kula wanakokula wavuvi. Hoteli ya kitalii ya ufukweni kapigeni soda tu, mkione kiti cha kamba, mrudi. Nauli ya kurudi itengwe tangu Chala, iwekwe kwa dada. Samahani shemeji, nakufahamu kwa barua tu, lakini mtu anayetaja mabati akikasirika anaweza kutaja bia akifurahi.

Na kabla hamjaondoka, fanyeni jambo moja. Wenzetu wa theluji siku ya kwanza hawapandi juu. Wanaanzia kwenye kimlima cha watoto ili kila mmoja amwone mwenzake anavyosimama. Nyie Jumamosi moja jioni tokeni kwa miguu, wawili tu, mpande kilima chochote cha hapa Chala, vilima hatujanyimwa. Dada angalia kama anageuka nyuma kukutazama. Shemeji angalia mwenzako anaanzia wapi kushika nyasi. Mtajua rangi zenu bila kulipa kiingilio.

Shemeji, najua atakusomea hii, au atauacha ukurasa huu mezani makusudi upande huu ukiwa juu. Kalambo haijahama kwa miaka 476,000. Nenda nayo mwezi wa nne mwakani na masela wako, ikiwa imejaa, mshuke ngazi mpaka mapafu yawake. Mwezi huu shuka Kipili. Mwambie mama watoto akufundishe kuelea, asubuhi na mapema kabla wavuvi hawajarudi, ili pasiwe na mashahidi. Atakushika mgongoni kwa mkono mmoja, utalala chali, masikio ndani ya maji, huwezi kusikia chochote. Ana miaka sita hajapata nafasi ya kukuonyesha anachokijua.

Dada, mkirudi uniandikie mlivyokaa. Mgebuka mmoja mkavu ndani ya bahasha sitaukataa.

Wengine wote, barua zenu bado nazisoma. Wiki ijayo ni wale wachumba na simu zao, kaeni chonjo!